Siku Jaji Alipouliza Kama Binti Yangu Alisikilizwa

Wapendwa, Sabato njema! Leo siketi mpaka niseme yote.

Mnanijua. Mimi ni mzee wa kanisa hapa, nafundisha darasa la vijana. Mwaka jana mlipomwona binti yangu akichuma majani chai wakati wenzake wako shuleni, niliwaambia ni mgonjwa. Nilidanganya. Alikuwa amefukuzwa.

Shule yake ni ya serikali, ya bweni. Wasichana wa Kidato cha Tatu waligoma, vioo vikavunjwa, na kesho yake binti yangu akafika nyumbani na sanduku na barua ya mistari minne: ni mchochezi, asirudi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikumuuliza hata neno moja. Nilileta kikapu cha majani chai, nikamvika mgongoni. "Shule yako ni hii sasa."

Miezi miwili hatukuongea. Kwenye maombi ya jioni alisema amina, basi.

Siku moja tukiwa kituo cha kupimia majani, karani akamtania, "Siku hizi Kidato cha Tatu kinasomewa shambani?" Watu wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Msichana akaweka kikapu chini, akasema mbele ya wote:

"Baba, siku ya fujo nililazwa chumba cha wagonjwa, nina malaria. Nesi aliandika kwenye kitabu. Mwalimu mkuu hakuniuliza. Wewe pia hujaniuliza."

"Sasa nakuuliza," nikamwambia. Akanieleza hapo hapo, majani yakinyauka kikapuni.

Wiki hiyo hiyo, mimi, mama yake na yeye tulikwenda Nyakoe, kwa maana tulisikia kuna mawakili wanaoshauri watu bure. Tulimpata wakili mmoja, mama kijana. Akasoma ile barua mara mbili.

"Bodi ya shule iliwaita lini?"

"Hatukuitwa."

"Mtoto alijitetea wapi?"

"Hakuna mahali."

Akapiga meza! "Mzee, sheria hairuhusu hivi! Mwanafunzi hafukuzwi kabla ya kusikilizwa, mzazi wake akiwepo."

Jamani, nina miaka hamsini na miwili, na sikuwahi kujua kwamba mtoto ana haki mbele ya mwalimu mkuu!

Tukaenda mahakamani Kisii. Majirani walisema nitajiletea laana, kushtaki walimu. Nilikwenda hivyo hivyo. Jaji akamuuliza wakili wa shule swali moja tu: "Msichana huyu alisikilizwa lini?" Yule bwana akapekua faili. Akapekua tena. Jaji akaifuta barua, akaamuru mtoto arudi darasani. Kama shule ina neno naye, bodi imwite na imsikilize. Mama yake akapiga kigelegele humo humo mahakamani! Askari akamwonyesha mlango, akatoka akiendelea nacho mpaka kwenye ngazi.

Bodi ikatuita kweli. Nesi akaleta kitabu: jina lipo, tarehe ipo, dawa zipo. Mwalimu mkuu akasimama, akampa binti yangu mkono. "Nisamehe, mama." Nikaona aibu, kwa sababu mimi baba yake nilikuwa bado sijalisema neno hilo. Nililisema tukiwa kwenye lango la shule. Alilia, nami nikalia, bawabu akageuka kando.

Nawashukuru wakili yule, nesi yule, na mke wangu aliyeniambia, "Twende," nilipotaka kurudi nyuma. Wazazi wenzangu, barua ya shule si neno la Mungu. Isome, halafu mketishe mtoto wako, umuulize. Sheria itamsikiliza, lakini wewe uwe wa kwanza.

Sasa yuko Kidato cha Nne. Jumanne alinipigia kwa simu ya shule. Wenzake wamemchagua awe mwakilishi wa wanafunzi kwenye bodi ile ile! Nilipiga kelele, wapendwa, mpaka ng'ombe akakata kamba.