Mama Mabua na Shamba Lisilochomwa

Ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, familia imemtuma kitinda mimba wao, aliyekulia mgongoni mwa marehemu, awasomee safari yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, baba akiwa fundi viatu na mama mkulima, akaanza shule ya msingi mwaka 1964, na mwaka 1979 akahitimu shahada ya kilimo, binti pekee darasani, jambo ambalo halikumtisha, kwani mdomo alikuwa nao.

Tarehe 3 Septemba 1979 aliajiriwa na kituo cha utafiti wa mazao, akapewa chumba chenye meza, mizani na mifuko ya udongo iliyofika dirishani, na nje ya dirisha hilo akapanda mahindi na maharagwe pamoja, vipande vingine kwa mbolea ya dukani, vingine bila, huku mabua yakirudishwa ardhini, kule yakiondolewa, maana alitaka kujua ardhi hubaki na nini mvunaji akishaondoka.

Mwaka 1982 dereva mpya wa trekta aliagizwa kusafisha shamba kwa ajili ya wageni, naye kwa utiifu wote akayatia mabua kiberiti, kwani kwake kusafisha kulikuwa kuchoma, marehemu akatoka mbio na ndoo ya maji ya deki, akamwagia moto na dereva pamoja, akamwambia maneno yasiyosomeka msibani. Dereva akawa anakuja kila jioni kubeba mabua mengine kufidia kosa, kosa likaisha, yeye hakuacha kuja, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1983, wakajaliwa watoto watatu. Shemeji ameruhusu hili lisomwe.

Kazi haikuwa lelemama, kwani wakulima waliofukia mabua makavu peke yake waliona mahindi yamegeuka manjano, wakamcheka, ndipo wakampachika jina la Mama Mabua. Aliwaeleza kwamba vijidudu vinavyoozesha mabua hula kwanza chakula cha mche, akawaonyesha vipande ambako mbolea kiasi na majani ya maharagwe vilishibisha vijidudu na mche pia, kisha vile vilivyotiwa mbolea na kunyang'anywa mabua, ambako mavuno yalipanda, halafu yakashuka, udongo ukawa mgumu kama sakafu. Mgeni njoo mwenyeji apone, alizoea kusema, mbolea ndiyo mgeni, mabua ndiyo mwenyeji, na mkimfukuza mwenyeji, mgeni atalala wapi. Jina likabaki, kicheko kikaisha.

Alistaafu mwaka 2016, akaendelea na shamba lake hapa nyumbani, hadi Juni 2023 alipougua figo. Alifariki tarehe 9 Agosti 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, baada ya kumsihi, kwa utani na kwa dhati, asichome.

Jana majirani walikuja kwa wema wao kusafisha shamba ili kusimamisha maturubai, kiberiti kikiwa tayari, na shemeji akajaza ndoo maji, akaenda kukaa nayo katikati ya mabua. Ndiyo maana leo mmeketi juu ya mabua, mtuwie radhi kwa nguo zenu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kutufariji, na wenzake wa kituoni, ambao hadi leo wanalitunza shamba lile la dirishani.

Pumzika kwa amani, Mama Mabua, hakuna kilichochomwa.