Zuleide Aliyemwimbia Mama Yake

Marehemu Zuleide Queiroga Kamugisha, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Olinda, Brazili, tarehe 3 Mei 1938, mtoto wa kwanza wa Bi. Alzira, mshona nguo. Mwekeni mama huyo akilini, tutamrudia.

Alisoma kwa masista, ambao walimfundisha kuimba, kisha wakamtoa kwenye kwaya kwa kuwafunika wenzake sauti.

Mwaka 1961 alirekodi santuri yake ya kwanza mjini Rio. Kufikia 1967 alikuwa ameimba Paris, Lisbon na Tokyo, na santuri zake zilinunuliwa hata na watu wasioelewa neno lake moja. Mwaka 1969, akiwa Stockholm kwa maonyesho, serikali ya kijeshi ya kwao ilizipiga marufuku nyimbo zake kwa sababu ya wimbo mmoja tu, wa bei ya unga. Hakuweza kurudi. Tangu hapo dunia ilimsikia, mama yake hakumsikia.

Ladislaus, mwanafunzi wa ufundi umeme kutoka Bukoba, alikuwa akiangalia mitambo ya sauti katika ukumbi mmoja Jakobsberg, nje kidogo ya Stockholm, alikoimba Zuleide. Kipaza sauti kikapiga mluzi, akakizima. Zuleide akaimba bila hicho hadi mwisho, kisha akamwuliza, “Sasa wewe unalipwa kwa kazi gani?” Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1970, wakahamia mtaa wa Bredäng, humohumo Stockholm, wakajaliwa binti, Agripina. Kiswahili alikikomaza kwa kugombana na wifi yake Paskalia, anayewasomea haya, juu ya chumvi ya maharage. Mara nyingi alishinda.

Juni 1976 alikutwa na saratani ya koo. Upasuaji ungemwokoa, lakini ungeondoka na sauti. Wakati huohuo redio ya masafa mafupi, inayosikika hadi Brazili, ilimwalika aimbe mkesha wa Krismasi. Ladislaus alimsihi, “Mama Agripina, twende hospitali kwanza.” Akajibu, “Mama asikie kwanza, ndipo wakate.”

Akangoja, na ugonjwa haukungoja. Tarehe 24 Desemba aliimba nyimbo tatu kwa sauti iliyokwisha kukwaruza. Januari alipasuliwa. Alipozinduka, hana sauti, aligusa sikio lake na kumtazama mumewe: mama amesikia? Ladislaus akaitikia kwa kichwa. Alifariki tarehe 9 Machi 1977.

Ameacha mume, Ladislaus. Binti, Agripina, mwenye miaka sita. Na mdogo wake mmoja wa kiume, aliyeko Olinda. Wengi mmeuliza kama mama yake ameshapewa taarifa. Ladislaus ameomba jibu lisomwe mbele ya kaburi hili.

Bi. Alzira alifariki Agosti mwaka jana. Mdogo wake huyo alipiga simu, Ladislaus akapokea. Kwetu mgonjwa haambiwi msiba, na wazee wetu wa hapa Stockholm walimshauri vivyo hivyo: “Apone kwanza.” Barua za kutoka kwao zilizoea kuchelewa, hivyo Zuleide hakushuku kitu. Kila alipoahirisha upasuaji, Ladislaus alitaka kusema, akaogopa kwamba habari hiyo ndiyo itakayomuua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hatumhukumu ndugu yetu. Sisi ndugu na wazee tulijua, na sote tulinyamaza, na leo tunalia kwa uchungu wa jambo hilo pia.

Wifi yetu, pumzika kwa amani. Tulichokuficha umeshakijua, kwa kuwa wewe na mama yako mmeshaonana.