Mzee Harrison Mwakio na Mikoba ya Simu za Vita

Wapendwa wote mliofika hapa Croydon, mliotoka mtaa huu na mliobadilisha treni mara mbili tatu, familia imemtuma mjukuu wake Lorraine awasomee maisha ya Mzee Harrison Mwakio, na mwenyewe angetaka yasomwe bila kutiwa chumvi, kwa sababu hakupenda kitu kijifanye kisivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 huko Mgange, Taita, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Mwadime na Mama Mghoi. Baba yake alikuwa askari wa kutandaza nyaya za simu huko Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, na aliporudi mwaka 1946 alikuwa na kovu jeusi begani, pale mkanda wa mkoba wa simu ulipomla ngozi, na marehemu alizoea kuligusa kovu hilo kwa kidole akiuliza kama bado linauma.

Alisoma Mgange hadi mwaka 1953, akajifunza ushonaji wa ngozi Voi, kisha kuanzia 1959 hadi 1988 akawa fundi wa nyaya za simu Mombasa. Tarehe 5 Desemba 1964 alifunga ndoa na Lydia Mkawasi, wakajaliwa watoto wawili, Mwadime na Wakesho. Bibi Lydia alikuja London mwaka 1990 kwa kazi ya uuguzi, marehemu akamfuata mwaka uliofuata, akaajiriwa kutunza majengo ya shule hapa Croydon.

Mei 1995, miaka hamsini tangu vita viishe, aliwakuta bustanini waigizaji wa vita, yaani watu wanaovaa sare za zamani na kupiga kambi wikendi, mmoja wao amebeba simu halisi ya jeshi ndani ya mfuko wa plastiki. Alirudi nyumbani akicheka peke yake, na wiki ya pili akawapelekea mkoba wa turubai wenye mkanda wa ngozi, kama baba yake alivyokuwa akimsimulia. Tangu hapo hakukosa kazi, leo mikoba, kesho vifuniko vya betri au mikanda ya kubebea waya. Turubai alilinunua kwa rafiki yake Kanti wa Harrow, mzaliwa wa Nairobi, akaliloweka kwenye chai ya rangi ndani ya bafu ili lionekane kuukuu, hata Bibi Lydia akawa anauliza kila Ijumaa kama ni zamu yake ya kuoga au ya simu.

Ndani ya kifuniko cha kila mkoba, kabla ya kushona bitana, alipiga kwa chuma cha moto jina MWAKIO na mwaka, ili mtu asije akauuza kama wa vita vyenyewe. Lakini Aprili 1999 aliletewa oda ya mikoba thelathini na sita, akaiharakisha, na ilipokwisha kuchukuliwa ndipo alipokiona chuma chake ukutani, tarakimu zake bado ni za 1998, akajua kwamba hakuna hata mkoba mmoja aliokuwa ameupiga jina. Kanti alimcheka, akamwambia, "Bwana Harrison, London nzima ni wewe tu unayelia kwa sababu kazi imetoka nzuri." Marehemu akamjibu, "Baba yangu aliubeba ule wa kweli mpaka ukamla bega. Wangu haujaenda popote. Sitaki uchukue sifa yake."

Basi kila kiangazi alizizungukia kambi, na sindano na chuma mkobani, akafumua, akapiga jina, akashona upya. Katika kambi moja huko Kent mlinzi alimdai neno la siri, akamjibu kwa Kitaita, akafunguliwa njia kwa saluti. Kufikia 2002 alikuwa ameipata thelathini na mitano, na kwa ule mmoja aliendelea kutoa tangazo katika jarida la waigizaji kila mwaka, akieleza kwamba mshono wake wa mwisho hurudi nyuma mara tatu.

Oktoba 2005 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Lorraine akaacha shule ili awe naye. Tarehe 19 Mei mwaka huu wa 2007, Bwana Zulfikar wa Ilford, anayekusanya vitu vya vita, alipiga hodi na mkoba kwapani. Aliununua miaka minne nyuma akiambiwa ni wa 1942, akalisoma tangazo, akauhesabu mshono, na alikiri kwamba alitamani asingeuhesabu. Mikono ya marehemu ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo alielekeza tu, Lorraine akafumua, akapasha chuma kwenye jiko, akapiga MWAKIO 1999. Babu aliusogeza karibu na macho. "Jina limekaa upande kidogo," akasema, "lakini linasomeka." Siku hiyo alimaliza uji wote.

Alifariki Jumamosi tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, Bibi Lydia amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea chakula, wenzake wa shuleni, Bwana Kanti, waigizaji waliokuja na sare zao, na Bwana Zulfikar, aliyeketi kule nyuma na mkoba magotini.

Pumzika kwa amani, Babu, hakuna ulichokiacha bila jina lako.