Maiki Inayosikia Sisimizi

Kijiwe chetu cha Rasbura ni benchi moja la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya Mwahija, chini kabisa ya dirisha la chumba chake. Ahmadi muuza kahawa hutua birika lake hapo baada ya swala ya alasiri na kuwakuta wenyewe wamekwisha kaa. Kulia hukaa Redio Mbao, mzee aliyestaafu kupakia mizigo bandarini lakini hakustaafu kusema. Katikati ni Mahakama, jina lake halisi Faustino, ambaye aliwahi kuitwa shahidi mara moja na tangu siku hiyo anatoa hukumu. Kushoto ni Kondo, fundi simu, tunayemwita Injinia. Jana walizozana juu ya mbuzi wa Mahakama aliyekula mkeka wa jirani. Leo ilikuwa zamu ya maiki. Ofisi moja ya Dar inatafuta sauti ya mtu wa Kusini ya kuwasomea wakulima wa korosho ujumbe kwenye simu. Mwahija alirekodi sampuli chumbani kwake, akatuma, na asubuhi wakamjibu: sauti tumeipenda, ila kuna kelele nyuma, rekodi upya kabla ya Ijumaa. Akaona kosa ni la kimaiki chake cha kubana kwenye nguo. Akaamua kuuza cherehani anunue maiki ya kondensa. Mnunuzi, Bi Apolonia, alikuwa njiani kutoka Rondo.

INJINIA: Kondensa ndo mpango mzima. Ndani ina utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Ukipumua tu, umetikisika.

REDIO MBAO: Utando wa dhahabu.

INJINIA: Wanapaka dhahabu kidogo, mzee.

REDIO MBAO: Kidogo kwa nani? Kitu kama hicho hakilazwi dirishani.

MAHAKAMA: Bura yangu sibadili na rehani. Auze cherehani upesi.

AHMADI: Hiyo methali inasema asiuze.

MAHAKAMA: Wewe mimina kahawa.

INJINIA: Sikilizeni. Kuna ya kuchomeka moja kwa moja kwenye simu au kompyuta, na kuna inayotaka kiboksi chake cha kuipa umeme. Yeye achukue ya kuchomeka. Ile nyingine ukiinunua bila kiboksi, umenunua rungu.

REDIO MBAO: Hicho kiboksi kinatoa umeme kiasi gani?

INJINIA: Volti arobaini na nane.

REDIO MBAO: Na mtoto wa watu ameweka mdomo hapo hapo?

INJINIA: Umeme wake hautoki nje, mzee.

REDIO MBAO: Hata pasi yangu uliniambia hautoki nje.

Injinia akanywa kahawa. Dirisha likafunguka juu yao, Mwahija akachungulia.

MWAHIJA: Shikamooni, wajomba.

REDIO MBAO: Marahaba, mwanangu. Tuko kwenye jambo lako.

MWAHIJA: Kondo, hizi za bei ya chini zinafaa kweli? Usinidanganye. Cherehani ninayo hiyo moja, na ndiyo inayotulisha.

INJINIA: Zinafaa, dada. Zile za bei kubwa unalipia jina. Wewe angalia kitu kimoja tu, isikie. Kondensa inasikia hadi mate ukimeza.

REDIO MBAO: Mate ni nini? Binamu yangu wa Mchinga aliiona moja inasikia sisimizi wakipanda ukuta.

MAHAKAMA: Sisimizi wangapi?

REDIO MBAO: Msafara. Na yule aliyebeba chakula ilimjua kwa hatua zake.

MAHAKAMA: Mimi nimeambiwa inasikia nia. Ukiwaza kwamba utakosea kusoma, imekwisha rekodi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aiweke mvunguni mwa kitanda isimsome.

AHMADI: Sasa itamsikiaje?

REDIO MBAO: Kondensa? Nazi iko juu ya mnazi, haijaanguka, inawaza tu kuanguka. Inaisikia.

Hapo bodaboda ikasimama. Alishuka mama wa makamo mwenye kamba ya katani mkononi, ya kufungia cherehani. Alisalimia, akaitikiwa, akasogezewa nafasi.

APOLONIA: Nimeona mashine kwenye picha. Nitaitazama. Lakini kwanza, mwanangu, mbona unaiuza na bado nzima?

Mwahija akaeleza tena, safari hii kwa kifupi, kisha akampitishia simu dirishani ausikie mwenyewe ule ubovu. Yeye na wale watatu wa benchi wakainamia simu.

“Ndugu mkulima wa korosho,” sauti ya Mwahija ilisema, “ukiona unga mweupe kwenye maua, huo ni ubwiri. Pulizia salfa asubuhi na mapema, kabla ya upepo.”

INJINIA: Mmesikia ile shii? Ndo kelele yenyewe.

REDIO MBAO: Utando umechoka.

MAHAKAMA: Chumvi ya bahari.

APOLONIA: Rudisha.

Ikarudishwa. Bi Apolonia akaweka simu sikioni, akafumba jicho moja.

APOLONIA: Na huyu anayesema mbuzi wa Mahakama amekula mkeka mpaka akafika kwenye pindo, naye anapulizia salfa?

Ahmadi aliacha kumimina.

REDIO MBAO: Sauti yenyewe mbona kama ya mtu mwenye busara.

MWAHIJA: Wajomba, wallahi sikuwasikia. Nimezaliwa chumba hiki. Siku hizi siwasikii tena.

INJINIA: Ni hiki kimaiki, dada. Kondensa ingekuwa...

Bi Apolonia alikuwa anamtazama.

APOLONIA: Hiyo inayosikia sisimizi. Nyinyi itawaruka?

Redio Mbao alimtazama Injinia. Injinia alimtazama Mahakama. Mahakama alitazama ndani ya kikombe. Bodaboda ilikuwa imekwisha ondoka na barabara ilikuwa tupu.

MWAHIJA: Hivyo hivyo. Msijibu mpaka nimalize kurekodi.

Akachukua simu yake, akafunga dirisha. Ahmadi alivikusanya vikombe kimoja kimoja, akavifunika kwa pindo la kanzu visigongane. Redio Mbao alishika magoti yake kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo ikamtoka. Mahakama alifungua mdomo. Tuliona methali inakuja. Ahmadi akamtia kashata mdomoni.

“Ndugu mkulima wa korosho,” ilisikika kutoka ndani. Alisoma mpaka mwisho, akarudia, akarudia tena. Sikuwa nimewahi kulisikia benchi lile likilia mbao zake. Leo nililisikia.

Dirisha likafunguka. Mwahija alicheza rekodi ya mwisho. Ubwiri, salfa, asubuhi na mapema. Shii yenyewe ilikuwapo, ndogo, ya kutafutwa. Kwa mbali akawika jogoo.

INJINIA: Jogoo kaingia.

APOLONIA: Jogoo mkulima anamjua. Tuma.

Mwahija akatuma. Simu ilikaa kimya kiganjani mwake, na hata wao walikaa kimya, ingawa sasa hakuna aliyewaomba. Jibu lilipoingia alilisoma mara mbili kabla ya kulisoma kwa sauti: imepokelewa, hii ni safi, tunaanza na wewe wiki ijayo.

REDIO MBAO: Mimi nilisema tangu mwanzo, kimaiki kile kile.

Mwahija alikuwa anaitazama kamba ya katani.

MWAHIJA: Bi Apolonia. Umetoka Rondo yote ile. Ile mashine...

APOLONIA: Nilijua nilipofungua mdomo. Kitambaa cha sare za kwaya kiko nyumbani kinangoja cherehani. Sasa nikilete kwako lini?

MWAHIJA: Jumamosi.

Bi Apolonia aliviringisha kamba yake, akaitia mkobani, akaomba kahawa.

MAHAKAMA: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ahmadi aligeuka haraka kumsahihisha, akasimama na birika hewani akitafuta kosa. Hakuliona. Akaliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka matone mawili.