Kidole Gumba cha Mwalimu Bernado Mugeta

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani, na ninyi mliofuata pilau, nawasalimu kwa niaba ya familia, mimi ni Gati, kifungua mimba wa marehemu, muuza mitumba wa sokoni Musoma, na karatasi hii nimeiandika mwenyewe, ila jana Mzee Machibya, mzee wetu wa kanisa, aliipitia kwa kalamu nyekundu, akafuta mistari kumi na minne na kuongeza mmoja, nami leo nitaisoma yote, iliyofutwa na huo ulioongezwa, kwa hiyo vumilieni jua.

Mwalimu Bernado Mugeta alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapahapa Nyamuswa, mtoto wa tatu wa mfuga ng'ombe ambaye hakujua kusoma hata jina lake, akachunga mpaka alipotimiza miaka kumi ndipo akaanza shule, akamaliza kidato cha nne Musoma mwaka 1971, akasomea ualimu miaka miwili, na tangu Januari 1974 akafundisha Kisorya, kisha Butiama, kisha Musoma mjini, hadi alipostaafu mwaka 2011. Kazi yake kubwa ilikuwa darasa la pili, kuwafundisha watoto mwandiko, na mmoja wa watoto wale, Kisorya mwaka 1975, alikuwa Machibya huyuhuyu, maana yake mkono ule wa kalamu nyekundu ni baba yangu aliyeushika na kuuonyesha herufi a inavyoandikwa.

Alifunga ndoa na mama yetu, Matrida, tarehe 9 Septemba 1978 Butiama, wakajaliwa watoto watano, mimi, Mseti, Fredy, Rhobi, na Diana, aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1994 na kufariki tarehe 22 mwezi huohuo kabla hajabatizwa. Kanisa lilisema hakuna sala kwa asiyebatizwa, basi baba alichimba kaburi mwenyewe, Mama akamzika mwanawe kimya, bila hata ubeti mmoja wa wimbo, na walioishi jirani walipita barabarani wakitazama ng'ombe wao.

Kalamu nyekundu inaanza hapa. Mwaka 1996 baba alinunua maandazi sokoni Musoma, akafungiwa kwenye ukurasa wa kitabu cha Kiingereza, akausoma akiwa amesimama, maandazi yakapoa, akarudi kwa yule muuza maandazi akanunua kitabu chote kilichobaki, na kumbe yalikuwa maandishi ya Wakristo wa kale sana, yale ambayo hayakuingizwa katika Biblia. Humo akakuta watu wanaowalilia wafu wao na kuwaombea, watu wenye mashaka, watu wanaogombana na Mungu kisha wanarudi kwake, akamwambia Mama kwamba hawakuwa wa kwanza kulia hivi. Akaanza kutafuta mengine, akayatafsiri usiku na mchana, madaftari kumi na moja kwa mwandiko ule mlioujua. Wala hakuyaita Biblia, msimsingizie, alikuwaga anasema Biblia ni ugali na haya ni mboga, hakuna anayeshiba mboga peke yake, lakini nani anakula ugali mkavu na mboga ipo jikoni?

Mwezi Agosti 2017, kwenye maombi ya nyumbani, alimsomea ukurasa mmoja mama aliyefiwa na kichanga, mama yule akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba, na Jumapili iliyofuata Machibya akamshtaki baba kwa kufundisha vitabu vya nje. Alisimamishwa mbele ya madhabahu akiwa na miaka sitini na sita, akatengwa na Meza ya Bwana, akaambiwa alete madaftari ili kamati iyasome. Haikusoma. Yaliwashiwa moto wa chai siku ya mavuno, nyuma ya kanisa, na chai ile mliinywa, nami niliinywa, ilikuwa na tangawizi. Ninyi mnaomeza kila unabii unaotumwa kwenye simu, mnaonunua maji kwenye chupa mkaambiwa ni upako, mliogopa madaftari ya mwalimu! Kwa miaka saba akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, kila Jumapili, na wanafunzi wake wakampita bila kumpa mkono.

Tarehe 2 Juni 2024 alipatwa na kiharusi, akalazwa Musoma, upande wa kulia ukafa, ulimi ukafa, akabaki na macho na mkono wa kushoto. Baraza la kanisa likatuma ujumbe kwamba asipotubu hakuna kengele, hakuna joho, hakuna kwaya. Mama akanishika miguu, mimi mtoto wake, akaniomba asimzike mumewe kimya kama alivyomzika Diana. Jumapili tarehe 9 Machibya akaja wodini na barua ya toba iliyokwisha kuchapwa, na kidau cha wino. Baba alisomewa, akaelewa, akakunja ngumi. Mimi ndiye niliyeikunjua, kidole baada ya kidole, alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani, nikachukua kidole gumba nikakigandamiza kwenye karatasi, yeye akiniangalia. Mtu aliyefundisha mwandiko miaka thelathini na saba akatiwa sahihi kwa dole gumba. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, na siku zile mbili hakunitazama tena.

Mstari ulioongezwa unasema, "Marehemu alitubu na kuyakana maandiko yale." Hakutubu. Nimeusoma kwa sababu niliahidi kusoma yote, na huo ni uongo, na mwenye uongo huo ni mimi kabla ya kuwa Machibya. Mchungaji, ukitaka kuvua joho, vua, majembe tunayo. Kwaya, gari lenu lile pale. Mama, ulitaka wimbo tu, nami nimefanya uukose mara ya pili, usiponisamehe nitaelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, majirani waliochota maji na kukesha nasi, walimu wenzake waliotoka Kisorya na Butiama, na Mzee Machibya, ambaye hata katika haraka ile alikumbuka wino.

Jana tulipomwosha marehemu tuliikuta ngumi ya kushoto imekunjwa tena, kidole gumba kikiwa ndani, bado na rangi ya bluu. Ndugu walitaka kuinyoosha ili alale vizuri. Nimekataa.

Baba, pumzika kwa amani, hakuna atakayeikunjua tena.