Mgongo Uliombeba Mwende

Bwana asifiwe! Asifiwe na nyinyi mlio mbele, na asifiwe tena na wale wa nyuma ambao mwili umefika kanisani lakini usingizi bado uko nyumbani. Mimi ni Mama Mwende wa Mashimoni, hapa hapa Kibera, ile ploti iliyo nyuma ya kioski ya maji. Wengi mnanijua kwa kufua, maana nimefua nguo kule Nyayo Highrise hadi mashati ya watu nayajua kuliko wenyewe. Leo sikuja kuongea juu ya nguo. Nimekuja kuongea juu ya mgongo wangu, na msicheke, kwa sababu Mungu alipita hapo.

Ndugu zangu, Mwende ndiye yule pale, ameketi na baba yake. Amefika miaka kumi. Alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia, na tangu hapo miguu yake haijakubali kusimama na shingo yake huchoka upesi. Maneno hana, lakini kucheka anajua, na akikupenda utajua. Jina lake kwa Kikamba ni mtoto anayependwa. Nilimpa kabla sijajua lolote, na sijawahi kujuta.

Alipokuwa mdogo ilikuwa rahisi. Leso moja, fundo kifuani, twende! Kwetu Kitui nililelewa nikibeba kuni na maji mgongoni, mkanda kipajini, kwa hivyo kubeba mtoto sikuona kama ni kazi. Lakini mtoto huongezeka, na njia za Mashimoni haziongezeki. Nilimbeba kwenda choo, nikambeba kwenda kliniki, nikambeba kuja hapa kumwabudu Mungu, na kila wiki nikambeba kwenda Kawangware, kwa kile kituo cha watoto kama yeye, ambako wanamfundisha kuketi na kushika kijiko. Nikirudi, naingia kwa beseni la nguo za watu.

Maumivu yalikuja polepole, kama mgeni anayesema anakaa kidogo tu. Yalianza kwa bega, yakashuka chini ya fupa la bega, yakapanda shingoni. Shingo ikakauka kabisa. Mtu akiniita kutoka nyuma, nageuka mwili mzima. Nilipaka dawa za kupaka, nikameza za kumeza. Kule kliniki daktari mmoja kijana alinipima vizuri, akanionyesha mazoezi, akasema misuli imekaza kwa kubeba, kwa hivyo nipumzike na nisibebe kitu kizito. Hakukosea hata kidogo. Lakini kitu kizito chenyewe kilikuwa kimeketi mapajani mwangu kikimchekea!

Sasa sikieni. Asubuhi moja nilikuwa namwosha Mwende kwa beseni kubwa. Nimeinama, mkono mmoja uko nyuma ya shingo yake, kwa sababu ukimwachilia anateleza. Nikataka kumnyanyua. Mgongo ukakataa! Ulijifunga, ndugu zangu, nikabaki pale pale. Kuinuka siwezi. Kumtoa siwezi. Kumwachilia nikaite watu ndiyo siwezi kabisa. Nikaanguka magoti kando ya beseni nikaita, "Mama Achieng! Mama Achieng!" Huyo ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Redio yake ilikuwa juu. Mwende naye akadhani ni mchezo. Kila nikiita, anacheka, na maji yanazidi kupoa, na midomo yake inaanza kubadilika rangi. Nililia. Nikasema, Bwana, nimembeba miaka hii yote, usikubali nimwangushe ndani ya beseni.

Wimbo ukaisha kwenye redio, na hapo ndipo Mama Achieng akasikia. Mnamjua dada yetu wa maombi, muuza samaki, mtu wa kutoka upande wa ziwa, akija hata mlango unajua amekuja. Alimtoa Mwende, akamfunga kwa blanketi, akamlaza, kisha akarudi kunitoa mimi.

Baba Mwende aliporudi kutoka mjengo na kusikia, alisema neno ambalo alikuwa amelificha kwa muda. Kulikuwa na nyumba moja ya watoto kama Mwende, mbali na Nairobi, ambako watoto hulala huko huko, na nafasi ilikuwa imepatikana. Hakusema kwa ukali. Mume wangu ni fundi wa mawe, si mtu wa maneno, na aliongea akiangalia viatu vyake. "Mama Mwende, mimi natoka hapa alfajiri. Siku ingine Mama Achieng akikosa kusikia?" Nikalitazama lile beseni. Tukakubaliana kwamba shule zikifunguliwa na mgongo wangu bado uko hivyo, Mwende ataenda. Halafu kila mtu akajifanya anamfunika mtoto.

Nikafunga na kuomba. Niliomba Mungu ashuke kwa moto kama kwa Eliya, nione kwa macho yangu. Yeye akanitafuta kwa laini ya maji!

Nilikuwa kwa foleni na jerikeni yangu nikasikia mtu ananiambia, "Wewe mama, hebu geuza shingo uniangalie." Nikageuka.

"Nimesema shingo," akasema. "Sijasema wewe wote."

Huyo ndiye Mama Zubeda. Ni Mnubi, Mwislamu, mzaliwa wa Kibera hii hii, hata nyanya yake alizaliwa hapa kabla sisi wengine hatujajua njia ya Nairobi. Akaniambia yeye huwekea watu vikombe mgongoni kulegeza misuli. Wenyewe huita hijama, watu wa Pwani husema kuumika. Ndugu zangu, niliogopa! Mimi mtu wa kuokoka, niingie kwa Mama Zubeda nikiwa Mkristo, halafu nitoke nikiwa nani? Nikamwambia wazi. Alicheka hadi akashika jerikeni yangu asianguke. "Mama, mimi natoa maumivu tu. Dini yako utatoka nayo."

Nilikwenda. Alinilaza kifudifudi kwa godoro safi, akanipaka mafuta ya zeituni, akanibonyeza taratibu akitafuta mahali palipokaza. "Uuh! Hii si mgongo, hii ni ukuta. Nani alikujengea?" Kisha akachukua vikombe vyake, vidogo vya plastiki ngumu, akaviweka kimoja kimoja, na kila kimoja akakitoa hewa kwa pampu ya mkono hadi ngozi ikavutwa juu ndani ya kikombe. Hakunichanja. Alisema shida yangu ni ya misuli, wembe hauna kazi hapo. Kila akiweka kikombe anasema, "Bismillahi." Mimi nami nikawa nasema chini kwa chini, "Kwa jina la Yesu." Kumbe anasikia. Akasema, "Sema kwa nguvu mama, hata mimi nataka msaada."

Mwanzoni ngozi ilivutwa, nikauma meno. Halafu joto likaja, na chini ya lile joto kitu kikaanza kuachilia. Nikaanza kulia. Mama Zubeda akauliza, "Inauma? Nipunguze?" Nikamwambia hapana. Niwaambie ukweli, si maumivu yaliyoniliza. Tangu Mwende azaliwe, mgongo wangu ulikuwa ni wa kubebea tu. Hakuna mkono uliowahi kuugusa polepole na kuuuliza habari. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mwili, na mwili wenyewe ni wangu. Nililia pale kwa godoro la watu, na yule mama akaniwekea kitambaa karibu na uso.

Alipotoa vikombe akaniambia nikae kidogo kabla sijasimama. Nikakaa. Nikageuza shingo. Shingo peke yake! Nikaona paka wake amelala nyuma yangu mlangoni, na muda huo wote sikujua kama ana paka. Haleluya! Sikupona yote siku hiyo, msije mkasema Mama Mwende alidanganya madhabahuni. Nilirudi tena, na yale mazoezi ya daktari nikayafanya, na kila mara naamka nikiwa mwepesi zaidi.

Lakini mnajua vikombe huacha alama. Ni miduara, myekundu kwanza, halafu ya zambarau, na haiumi, huisha yenyewe. Siku moja nimeinama kufua, blauzi ikateleza, Mama Achieng akaona. Alipiga kelele! Kwanza alidhani ni Baba Mwende amenipiga, akaanza kuuliza mwiko uko wapi amfuate nao. Aliposikia ni kwa Mama Zubeda, ikawa mbaya zaidi. "Wee! Miduara namna hii si ya bure, hii ni agano!" Akaita timu ya maombi. Mchungaji, nakuona unainama, na hata wewe uliitwa.

Wakaja na mafuta ya upako. Wakanilaza kitandani, wakakemea mduara mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mafuta yake. Na mnajua mkono wa Mama Achieng ulivyo, umebeba karai za samaki maisha yake yote. Alisugua akikemea, akakemea akisugua, na mimi pale chini, ndugu zangu, nilikuwa nasikia raha! Walipomaliza nikainuka wima, nikageuza shingo huku na huku. Timu ikashangilia kwamba pepo limetoka. Nikawaeleza kila kitu polepole, pampu na mafuta na misuli. Wakafunga chupa ya mafuta. Baadaye kidogo Mama Achieng akanifuata hadi mlangoni peke yake, akaongea kwa sauti ya chini. "Sasa huyo mama wa vikombe... bega pia anashughulikia?"

Siku tulipoenda pamoja ndiyo siku Mama Zubeda alinikalisha chini. Aliuona mgongo wangu umeanza kukaza tena. Akaniambia, "Mama Mwende, mimi naweza kulegeza, siwezi kubeba. Ukitoka hapa kila siku unarudi kumbeba peke yako, tutakuwa na hii pampu hadi tuzeeke. Nani mwingine humbeba huyo mtoto?"

Nikasema hakuna.

"Hakuna, ama umekataa?"

Ndugu zangu, jambo hilo lina kidonda. Mwende alipokuwa na miaka minne, mama mmoja alijitolea kunisaidia kumbeba. Alimshika mbali na kifua chake, hivi, kama mtu aliyebeba kitu kinachovuja, ili mate yasiguse nguo. Na Mwende akaona. Mtoto wangu hana maneno lakini macho anayo. Nikamchukua siku hiyo nikajiambia hakuna mkono mwingine utakaombeba hivyo tena. Na kweli haukumbeba, maana sikuruhusu mkono wowote.

Mama Achieng alikuwa hapo akisikia, vikombe viko begani. Hakusema kitu, na nyinyi mnajua Mama Achieng kukosa cha kusema ni muujiza wake. Jumapili iliyofuata alikuja kwangu amevaa kitambaa chake kipya cha kichwa, kile cha buluu, akageuka akanipa mgongo, akachuchumaa. "Niwekee huyo mtoto." Nikamweka, nikafunga leso. Tulipofika kanisani kile kitambaa kilikuwa kimelowa mate nyuma yote. Nikaanza kuomba msamaha. Akaniambia, "Kwani maji yameisha Kibera? Nitafua." Akambeba pia wakati wa kurudi.

Siku hizi Baba Mwende humpeleka choo na kumwosha kabla hajaenda mjengo, na nimegundua anamwimbia, mtu ambaye mimi hajawahi kuniimbia! Kwenda Kawangware tunabadilishana, mimi na Mama Achieng. Mgongo wangu nauheshimu sasa. Ukianza kunong'ona nausikiliza kabla haujapiga kelele.

Shule zinafunguliwa wiki hii, ndugu zangu. Jana Baba Mwende aliwapigia simu wale watu wa nyumba ya watoto. Aliwashukuru sana, akawaambia nafasi wampe mtoto mwingine, Mwende anakaa kwao. Akakata simu, akalia, nami nikalia, Mwende akatucheka sote wawili.

Bwana nimshukuru vipi? Nilimwomba moto, akanipa mikono, na mingine ilikuwa mikono ambayo mimi nisingeichagua. Kama kuna mama hapa, au baba, aliyebeba kitu chake peke yake kwa sababu siku moja watu walikibeba vibaya, nakuomba umtegemee Mungu. Na ukishamtegemea, legeza fundo. Ni vigumu, najua, hata mimi naliogopa jambo ninalotaka kuwaomba sasa.

Ibada ikiisha leo, sitasimama na leso yangu. Mwende atakuwa pale pale kwa kiti, na njia ya kushuka kwetu ina matope. Anayetaka kumbeba, ambebe. Mshikilie shingo kwa nyuma, huwa inachoka. Mkumbatie karibu na kifua. Atakudondoshea mate, na atakuchekea. Mimi nitakuja nyuma yenu, mikono mitupu. Amina.