Kinu Kisichokuwapo

Twa. Twa. Twa. Mchi unatwanga ndani ya kinu, taratibu, nyuma ya sikio langu la kushoto. Nikiusikia, najua sina muda. Kisha giza. Kisha uso wangu uko mavumbini, ulimi una damu, na watu wamesimama mbali, kwa sababu huku kwetu wanaamini povu la mwenye kifafa linaambukiza.

Ndugu zangu, Bwana asifiwe hata na kinywa kilichowadanganya!

Ni mimi Kiden wa Ludara, niliyesimama mbele yenu kanisani mwaka juzi nikasema nimepona. Nilikuwa nimemaliza miezi mitatu bila kuanguka. Nilisema vidonge nimevitupa chooni, nanyi mkapiga vigelegele hadi mabati yakalia. Mama alicheza. Yeye ndiye aliyenihangaikia tangu malaria iliponipanda kichwani nikiwa na miaka saba. Jumapili ile alitembea Koboko nzima kichwa juu.

Wiki ya pili, nikipepeta simsim, nikasikia: twa.

Niliona kwamba nikisema, nitamwaibisha Mungu. Oneni upumbavu wangu! Kana kwamba Mungu anaishi kwa sifa zangu! Nikaficha. Nikiusikia mchi nilikimbilia chumbani, nikajilaza mkekani, na Mama akasimama mlangoni akiimba kwa nguvu ili majirani wasisikie ninavyokoroma. Vidonge sikuvirudia, maana anayevigawa zahanati ni mwanakwaya wetu.

Tuliishi hivyo mpaka siku niliyokuwa nikisonga ugali, na Keji wangu, mwenye miaka miwili, akiwa mgongoni. Chumba kilikuwa mbali. Tuliangukia mafiga pamoja. Mkono wake sitaueleza, mliuona. Tuliwaambia alivamia sufuria mwenyewe. Mkamwita mtundu, ndugu zangu, naye hajui bado kujitetea.

Hospitalini Arua nilisema kweli kwa mara ya kwanza. Nikapewa vidonge vya aina ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mchi haukukoma. Daktari akanituma nipigwe picha ya kichwa, akanionyesha kovu dogo.

"Kiden, hapa ndipo panapotwanga."

Linaweza kukatwa, Kampala. Huenda kifafa kikaisha, huenda kikapungua tu. Huenda nikapoteza maneno, hata majina ya watu. Hakuniahidi kitu.

Miezi miwili nilikaa na karatasi ile bila kutia sahihi. Sikuogopa kisu kama nilivyowaogopa ninyi. Kichwa kilichonyolewa na kushonwa, utakifichaje kanisani?

Mama alisema, "Wewe ulisema Yesu amekuponya. Sasa utamwambia daktari nini? Kwamba Yesu alijaribu?"

"Nitasema niliongopa, Mama. Yeye hakuongopa."

"Na mimi je? Mimi niliyekuwa naimba?"



Kisha siku moja jirani alikuwa akitwanga muhogo kwelikweli, kwenye kinu cha kweli. Nilisimama nikasikiliza kama ni kinu chake au ni changu, kama ninavyosimama siku zote. Keji akaniangalia usoni. Akakimbia. Mtoto wangu mwenyewe, ndugu zangu! Alikimbia akiwa ameukumbatia ule mkono wake.

Nikatia sahihi siku hiyohiyo.

Nawaandikia kutoka wodini Kampala, kichwa kimeshanyolewa. Sisemi nimepona. Nasema nimefunguliwa kutoka kwenye uongo, na kwa hilo namshukuru Mungu kwa machozi. Keji hakuwa mtundu. Mwambieni hivyo mkimwona. Na wewe unayesoma, unayeficha kinu chako, usitupe vidonge ili upate cha kushuhudia! Mwamini Mungu kwa ukweli wako wote, hata ule unaonuka. Anaweza kuubeba. Nami nikirudi nimesahau majina yenu, nitajieni tena, polepole, bila hasira.

Asubuhi ya kuondoka, Mama alinikabidhi chupa ya chai, akamchukua Keji kutoka mikononi mwangu. Hakunibariki, hakunilaani. Nilivuka uwanja na begi langu polepole, nikingoja kumsikia akiimba. Nikasikia mlango ukifungwa nyuma yangu.